Umeme Hutafuta Ardhi: Fundisho kwa Wenye Nyumba za Zamani, Kabla ya Masika



Wengi wenu mwaijua habari ya Martin Luther, jinsi alivyokuwa njiani karibu na kijiji cha Stotternheim tarehe 2 Julai 1505. Alikuwa kijana wa miaka 21, akirudi Erfurt kwenye masomo yake, mara radi ikapiga karibu naye. Akaogopa kufa, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Habari hii twaikumbuka kwa sababu ya mambo yaliyoifuata. Lakini leo tuitazame kwa jicho jingine. Kijana yule alikuwa mahali pa wazi, wala hapakuwa na mtu katika dunia nzima aliyeweza kumweleza radi ni kitu gani. Ilipita miaka 247 ndipo ikathibitishwa, katika mwaka 1752, kwa majaribio aliyoyashauri Benjamin Franklin wa Philadelphia, kwamba radi si kitu kingine ila umeme.

Sisi wa leo tunao umeme ndani ya nyumba, ukutani, karibu na vitanda vya watoto. Twautumia kwa taa na kwa pasi, nasi twausahau mpaka siku ya hatari. Basi fundisho letu la mwezi huu lina neno moja tu, ambalo hata mtoto aweza kulishika: umeme hutafuta ardhi. Mwenye nyumba akilielewa neno hili atajua mwenyewe ni nini cha kutengeneza kwanza, na nini cha kuogopa mvua ikija.

1. Maana ya neno hili

Umeme mwingi wa nchi yetu hutoka katika maji. Kituo cha Kidatu, katika mkoa huu huu wa Morogoro, kilianza kutoa umeme kwa maji ya Ruaha Mkuu mwaka 1975. Umeme husafiri kwa nguzo kubwa, hupunguzwa nguvu katika transfoma, ndipo huingia nyumbani kwa nyaya mbili, nguvu yake volti 230. Waya wa kwanza ndio wenye nguvu, mafundi huuita laivu. Wa pili ni wa kurudia, nao huuita nyutro.

Tena, kule kwenye transfoma waya wa kurudia umefungwa ardhini. Kwa sababu hiyo umeme uliotoka katika waya wa kwanza una njia mbili za kurudi: kwa waya wa pili, au kwa ardhi. Waya ukiwa mzima, umeme hufuata njia yake kwa utulivu. Ukichubuka na kugusa bati la paa, bati lote hupata umeme, nalo hukaa kimya, halitoi sauti wala moshi. Mtu akilishika, naye amesimama bila viatu juu ya udongo wenye maji, basi mtu huyo amekuwa njia.

Yatupasa kuupa umeme njia nyingine iliyo rahisi kuliko mwili wa mtu. Njia hiyo ni waya wa tatu, ambao mafundi huuita ethi, yaani waya wa ardhi. Huunganisha vyombo vyote vya chuma na fimbo iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba. Umeme ukiponyoka, hukimbilia huko, wala hauna haja ya kupita mwilini mwa mama anayepiga pasi. Nyumba nyingi za zamani hazina waya huu, au zinao nao umekatika siku nyingi bila mtu kujua.

2. Nyumba zetu na mvua zetu

Milima ya Uluguru huzipokea pepo zitokazo Bahari ya Hindi. Kwa hiyo miteremko ya mashariki, upande wa Kinole na Tegetero, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mji wa Morogoro, ulio chini ya milima upande wa kaskazini, hupata pungufu ya milimita 1,000. Lakini hata mji haukosi taabu, maana maji ya mlimani hushuka kwao. Na katika tambarare za mkoa twakumbuka mafuriko ya Januari 2014, yaliyokata barabara ya Dodoma pale Magole, karibu na Dumila.

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, na mji umekua tangu hapo. Zimo ndani yake nyumba za kila umri. Ziko za matofali ya kuchoma, na za matofali mabichi yaliyopakwa chokaa. Boriti zake zimeonjwa na mchwa, na mabati yake yana kutu. Umeme ulipoingizwa katika nyumba hizo, aghalabu uliingizwa kwa ajili ya taa tatu na redio moja. Nyaya za zamani sana zilivikwa mpira, nao mpira baada ya miaka mingi hukauka, hupasuka na kudondoka kama ganda la mhogo. Panya nao hula hata nyaya mpya.

Milimani hali ni nyingine kidogo. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ukaanza kazi mwaka 2007, na umeme ukapanda hata vijiji ambavyo wazee hawakutazamia kuuona. Ni jambo la kushukuru. Lakini nyumba ya udongo iliyojengwa kwa taa ya mafuta haikujengwa kwa waya. Paa likivuja, maji hufuata waya mpaka kwenye soketi.

Sasa tupime mzigo. Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia kama robo ya ampea. Pasi ya wati 1,000 hutumia zaidi ya ampea 4. Birika la umeme la wati 2,000 hukaribia ampea 9. Tuseme baba wa nyumba anatia pasi na birika pamoja katika soketi moja ya zamani, kwa kebo nyembamba ya kurefushia. Hizo ni ampea 13, na waya ule ulitiwa kwa taa ya ampea chache. Waya hupata moto ndani ya ukuta au juu ya dari, mahali pasipoonekana. Ndiyo sababu nyumba huungua usiku, na watu husema, "Hatujui moto ulitoka wapi."

3. Alama za hatari

Zungukeni nyumba mchana, na daftari mkononi. Msifungue kitu chochote. Tazameni, sikilizeni na kunusa tu. Hizi ndizo alama:

Kwanza, kutekenywa mkononi mtu ashikapo bati, bomba, mlango wa friji, au nguo mbichi iliyoanikwa kwenye waya wa chuma. Watu hucheka na kusema, "Umeme umenitekenya tu." Lakini hilo si jambo la kuchekwa. Aliyetekenywa leo akiwa amevaa viatu vikavu, kesho aweza kufa akiwa miguu mitupu. Zimeni swichi kuu siku hiyo hiyo, mwiteni fundi. Tena kamba ya kuanikia nguo iwe ya katani au ya plastiki. Isiwe waya wa chuma uliofungwa kwenye paa.

Pili, soketi au swichi iliyo na joto, iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia, au inayotoa harufu ya plastiki iliyoungua.

Tatu, taa zinazofifia pasi inapowashwa, au zinazong'aa kupita kawaida na kufifia tena. Hiyo ya pili ni mbaya zaidi, kwa maana yaweza kuwa waya wa kurudia umelegea. Basi zimeni swichi kuu, kaipasheni habari ofisi ya TANESCO.

Nne, fyuzi iliyofungwa waya mnene, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kazi ya fyuzi ni kukatika ili waya usiungue. Ukiikataza kukatika, umemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango.

Tano, nje ya nyumba: mahali waya wa nguzo unapoingia pamelegea, ubao unaoushika umeliwa na mchwa, au tawi la mwembe au mkaratasi linaugusa upepo ukivuma. Tawi hilo msilikate wenyewe. TANESCO ndio wenye waya, nao ndio wa kuitwa.

Sita, fimbo ya ardhi. Tafuteni nje ya ukuta. Je, ipo? Waya wake umefungwa imara, au umekatwa na jembe? Mara nyingine waya wa shaba huibiwa, na wenye nyumba huendelea kukaa miaka wakidhani wana ulinzi.

4. Mambo ya kutengeneza, na utaratibu wake

Neno la kwanza ni juu ya fundi. Kazi hii haifai kufanywa na kila ashikaye bisibisi. EWURA hutoa leseni kwa mafundi wa umeme, nanyi mna haki ya kuomba kuiona. Wako watu waitwao vishoka, wasio na leseni wala ofisi. Hutoza nusu ya bei, wakaondoka, na kosa lao hubaki ukutani likingoja mvua.

Twajua pia ya kuwa fedha ni haba. Si lazima kutengeneza yote mwaka mmoja. Lakini utaratibu una maana, kwa hiyo anzeni na lile liokoalo maisha kwanza.

(a) Yasiyo na gharama kubwa. Ondoeni fyuzi za uongo. Pasi na birika visitumike pamoja katika soketi moja. Soketi iliyopasuka ifungwe isitumike. Zibeni bati linalovuja juu ya waya, swichi kuu ikiwa imezimwa. Na kama paa lina dalili ya kutekenya, asipande mtu mpaka fundi aseme ni salama.

(b) Waya wa ardhi. Fundi apigilie fimbo, aiunganishe, kisha apime kwa chombo chake. Kupima ni lazima, kwa sababu ardhi si moja. Udongo wa bondeni wenye unyevu hupokea umeme vizuri, na mwamba wa mgongoni mwa mlima huukataa, hasa wakati wa kiangazi. Huko huenda zikahitajika fimbo mbili au tatu. Fundi aendaye zake bila kupima hajamaliza kazi.

(c) Kikata-umeme cha uvujaji. Hiki ni kifaa kidogo kikaacho katika kisanduku pamoja na swichi kuu. Hulinganisha umeme uendao na umeme urudio. Vikilingana, hukaa kimya. Visipolingana, maana yake umeme mwingine umepita njia isiyo yake, labda mwilini mwa mtu; basi hukata. Kile cha kulinda watu hukata tofauti ikifika sehemu 30 za elfu moja ya ampea, nacho hufanya hivyo kabla ya theluthi moja ya sekunde kwisha. Ifahamuni hesabu hii: kiasi hicho hakifiki hata sehemu moja ya nane ya umeme wa balbu ile ya wati 60. Fyuzi ya ampea 5 haiwezi kukiona kamwe. Fyuzi huilinda nyumba isiungue, nacho kikata-umeme cha uvujaji humlinda mtu asife. Hakuna kimoja kiwezacho kazi ya mwenzake. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyezeni mara moja kila mwezi. Kisipokata, mwiteni fundi.

(d) Kugawa njia. Taa ziwe na waya wake na soketi ziwe na waya wake mnene zaidi, kila njia na saketi breka yake. Mafundi hutumia waya wa milimita za eneo 1.5 kwa taa, na 2.5 kwa soketi.

(e) Kubadili nyaya za zamani zote, na kuzipitisha katika bomba za plastiki ili panya na maji visizifikie. Hii ndiyo gharama kubwa, nayo yaweza kufanywa chumba kwa chumba. Fundi na awe mwangalifu na rangi: katika nyaya za zamani nyekundu ni laivu, nyeusi ni nyutro, na kijani ni ardhi, katika mpya kahawia ni laivu, buluu ni nyutro, na kijani chenye mstari wa njano ni ardhi. Nyumba moja yaweza kuwa na zote mbili, na wengi waliotengeneza kabla yake hawakufuata rangi yoyote.

(f) Kizuia-mshtuko wa radi, kifungwacho kwenye kisanduku kikuu. Radi ikipiga waya wa mbali, nguvu yake husafiri mpaka nyumbani na kuua redio na friji. Kifaa hiki huipeleka ardhini. Lakini bila fimbo nzuri ya ardhi hakina pa kuipeleka, ndiyo sababu tumekiweka mwisho.

Kwa nyumba ndogo ya vyumba viwili, kiko kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari. Ni ubao wenye taa, swichi na soketi vilivyokwisha kuunganishwa, hata isiwe lazima kutia nyaya nyumba nzima. Kinafaa, ila paa lisivuje juu yake.

5. Dhoruba ikija

Mwonapo umeme angani, hesabuni sekunde mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa pungufu ya 30, hatari imekaribia. Ingieni katika nyumba imara, wala msitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Chomoeni plagi za redio, televisheni na friji kabla dhoruba haijafika, si inapokuwa juu ya paa. Msiegemee ukuta wenye nyaya, msioge, msishike bomba la maji. Msikae chini ya mti.

Jambo hili lagusa makanisa yetu. Tarehe 10 Machi 2018 radi ilipiga kanisa la Waadventista huko Nyaruguru, Rwanda, ikaua watu 16. Mwezi Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, Uganda, watu 14 walikufa kwa radi walipokuwa wamekusanyika kusali. Bati lenyewe haliiti radi. Hatari ni bati lililokaa juu ya miti mikavu bila waya wa kulifikisha ardhini, kwa maana radi ikilipiga hutafuta njia, na njia iliyo karibu ni watu. Basi wazee wa kanisa na wamwite fundi, bati lishushiwe waya mnene mpaka kwenye fimbo, na kipaza sauti kizimwe ngurumo ikikaribia.

Waya ukianguka njiani, hesabuni kuwa una umeme, hata kama taa za kijiji zimezimika. Kaeni mbali nao mita 10 au zaidi, wekeni watu wa kuzuia watoto, na kaipasheni habari TANESCO. Aliye karibu nao tayari aondoke kwa hatua fupi sana za kuburura miguu, bila kuiinua.

Maji yakiingia nyumbani, zimeni swichi kuu kama mwaweza kuifikia bila kukanyaga maji. Kama hamwezi, tokeni, mkawaite TANESCO wakate kwenye nguzo. Maji yakipungua, msiwashe mpaka fundi apime.

Na wenye jenereta: msitie umeme wake nyumbani kwa kuchomeka plagi katika soketi. Umeme huo hupanda transfoma ukiwa na nguvu nyingi, ukamwua fundi aliye juu ya nguzo akiwatengenezea ninyi. Pawe na swichi ya kubadilishia, iliyofungwa na fundi.

6. Mtu akipigwa

Aliyeshikwa na umeme wa nyumba asiguswe kwa mkono. Zimeni swichi kuu kwanza. Isipowezekana, simameni juu ya ubao mkavu, msukumeni kwa mti mkavu. Lakini umeme wa nguzo kubwa msiukaribie hata kwa mti.

Aliyepigwa na radi ni tofauti, na hapa watu wengi hufa kwa sababu ya hofu ya jirani zao. Mwili wake haubaki na umeme. Mwaweza kumgusa mara moja. Ikiwa hapumui, mlazeni chali, sukumeni katikati ya kifua chake kwa viganja viwili, kishuke kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Wengi waliodhaniwa wamekufa kwa radi moyo wao ulisimama tu, nao waweza kurudi.

Walimu wa dini, neno hili ni lenu hasa. Mahali pengi radi ikiua, watu huuliza, "Nani ameituma?" Kisha mzee fulani au mjane fulani hutazamwa vibaya, na maiti haijazikwa bado. Msinyamaze siku hiyo. Waonyesheni watu mti ulioungua, paa lisilo na waya, njia ambayo umeme uliipita kwenda ardhini. Anayeiona njia kwa macho yake hamtafuti mchawi, tena hupata jambo la kufanya: kulifungia paa lake waya kabla ya mvua nyingine.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini bati la paa laweza kuwa na umeme bila kutoa dalili yoyote?
2. Fyuzi hulinda nini, na kikata-umeme cha uvujaji humlinda nani?
3. Nyumbani kwako fimbo ya ardhi iko upande gani? Nani aliipima?
4. Ukiwa na fedha za kazi moja tu mwaka huu, utaanza na ipi, na kwa nini?
5. Umeona umeme angani, ukahesabu sekunde 12 mpaka ngurumo. Radi iko umbali gani, nawe utafanya nini?
6. Katika usharika wenu, nani ana kazi ya kuzima kipaza sauti na kuangalia nyaya kabla ya masika? Kama hakuna mtu, mchagueni Jumapili ijayo.